Soya ya Fundi Saa

Watu walioijua sauti yake walikuwa wengi mno, lakini akipita katikati yao hakuna aliyegeuza shingo. Kwa miaka ishirini na mitatu mwanamke huyu alikaa katika kibanda cha kioo juu ya ngazi za stesheni, kipaza sauti mdomoni, akiwaambia abiria treni ipi inaingia, ipi imechelewa, na jukwaa lipi wakimbilie. Wenzake kazini walimwita Sauti. Jina lilimganda mpaka barua za ofisini nazo zikawa zinamfikia zimeandikwa hivyo hivyo.

Mume wake alikuwa fundi saa. Walikutana siku aliyoletwa kurekebisha saa kubwa ya stesheni iliyokuwa imechelewa dakika nne. Alipanda mpaka kibandani, kofia mkononi, akauliza saa ya kweli ni ipi, ile ya ukutani au ile anayoitangaza yeye. Sauti akajibu, "Yangu," bila kujua kwamba kipaza sauti hakijazimwa, na stesheni nzima ikaangua kicheko. Walioana mwaka uleule. Hawakujaaliwa mtoto. Wakazoeana wawili, kama watu wanaogawana mwavuli mmoja.

Baada ya miaka mingi moyo wa fundi saa ulianza kumsumbua. Daktari akamwambia aachane na nyama na siagi. Yeye, ambaye hakujua kufanya jambo nusunusu, aliacha kila kitu kinachotoka kwa mnyama. Sauti hakutaka mume wake ale peke yake pembeni kama mtu aliyeadhibiwa, kwa hiyo naye akaacha.

"Tumeingia wote, tutatoka wote," alimwambia.

Jikoni akatawala fundi saa. Kibanda chake cha saa kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, basi alikuwa anaweza kuacha saa ya mteja ikiwa wazi mezani, akaenda kutazama sufuria. Alijifunza soya kwa uvumilivu uleule aliokuwa nao kwenye vyuma vidogo. Aliziloweka, akazifikicha maganda, akazisaga, akachemsha ule uji mweupe mpaka harufu ya ubichi ikaisha kabisa, halafu akachuja kwa kitambaa na kukikamua kwa mikono miwili. Lakini hakuzipika kila siku. Leo soya, kesho maharage, siku ya tatu dengu, siku nyingine karanga na mboga za majani. Sauti hakuwahi kuuliza kwa nini. Aliletewa sahani, akala, akasema ahsante.

Huyo ndiye mtu aliyefariki dunia asubuhi moja akiwa kwenye kiti chake cha kazi, lenzi bado jichoni.

*

Maharage ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kupotea nyumbani. Chungu cha maharage kwa mtu mmoja ni jambo la kutia uchungu. Unakula leo, unakula kesho, unakula keshokutwa, na bado yanakutazama. Dengu zikafuata. Karanga zikaota ukungu kwenye kopo. Ikabaki soya peke yake.

Sababu zilikuwa mbili, na Sauti aliikiri hadharani ile ya kwanza tu. Alisema soya ni rahisi. Nyama ya soya inalowekwa kwenye maji ya moto, unageuka kutafuta chumvi, tayari imevimba. Unga wake unaingia kwenye uji. Maziwa yake anayatengeneza mara mbili kwa wiki, anayajaza kwenye chupa. Sababu ya pili hakumwambia mtu. Soya zinapochemka, povu likapanda na ule mvuke ukajaa jikoni, nyumba ilikuwa inanuka kama zamani. Kwa robo saa hivi, akiwa amesimama na mwiko mkononi, aliweza kuamini kwamba kuna mtu chumba cha mbele.

Kwa hiyo asubuhi akanywa glasi kubwa ya maziwa ya soya na uji wa unga wa soya. Mchana kazini akafungua kopo la nyama ya soya. Jioni tena. Siku za mapumziko, alipokuwa hana wa kusema naye, aliongeza glasi nyingine, kwa sababu kuchemsha ilikuwa angalau shughuli.

Lipo jambo jingine la kueleza hapa. Miaka sita nyuma, Sauti alikuwa amefanyiwa upasuaji wa rovu. Tezi ya shingo iliondolewa yote, akapewa kidonge cha kumeza kila siku ya maisha yake, kifanye ile kazi tezi iliyokuwa inafanya. Enzi za fundi saa, kidonge hicho hakikumsumbua akili. Saa kumi na moja alfajiri alihisi mkono wa mume wake begani, glasi ya maji mdomoni.

"Meza, Redio yangu, kisha ulale kidogo," alinong'ona; ni yeye peke yake aliyemwita hivyo.

Alikuwa anameza macho yamefumba na kurudi usingizini. Chai ya asubuhi ilikuja saa moja na nusu. Aliona ni mambo ya mafundi saa tu, watu wasioweza kulala jua likikaribia.

Alipobaki peke yake, siku mbili tatu za mwanzo alisahau kidonge. Akajionya, akatafuta njia. Akaweka kichupa cha vidonge kando ya chupa ya maziwa, ili akishika kimoja akione na cha pili. Tangu hapo hakusahau hata siku moja. Kila asubuhi alikisukuma kidonge kooni kwa funda la kwanza la maziwa ya soya, na akajisifu moyoni kwamba anajimudu.

*

Mwili ulianza kumgeuka polepole, kiasi kwamba hakuna siku ambayo angeweza kuinyooshea kidole. Alianza kusikia baridi watu wengine wakijipepea. Nywele zikabaki kwenye kitana. Uso ukavimba kidogo chini ya macho. Asubuhi aliweza kukaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akakitazama mpaka akachelewa kazini.

Hakushtuka. Ana nini cha kushtukia? Alikuwa mjane wa miezi kumi na minne. Akisema amechoka, watu walitikisa kichwa kwa huruma. Akisema hana hamu ya kitu, walimwambia ajikaze. Hata yeye mwenyewe alijiambia kwamba kumbe huzuni ndivyo ilivyo, inaingia mpaka kwenye mifupa, inakaa humo, inakuwa baridi.

Kisha ikaenda sauti.

Kwanza ilikuwa nzito asubuhi tu. Halafu ikawa nzito mpaka mchana, ikakwaruza, na ulimi ukawa kama umevalishwa soksi. Siku moja treni ya mchana iliingia jukwaa la tatu. Sauti alitangaza hivyo, mara mbili, kama kawaida. Lakini "tatu" yake ilitoka imefunikwa, na chini kule watu wengi walisikia "tano." Kutoka kibandani aliwaona wakikimbia na masanduku yao upande usio wao. Alishika kipaza sauti kuwarudisha, akafungua mdomo, na kikatoka kitu kama mlango mbovu. Treni iliondoka. Watu karibu thelathini walibaki wamesimama kwenye jukwaa la tano, mmoja wao mwanamume aliyekuwa amevaa suti ya harusi ya dada yake, ua kifuani.

Mkuu wa stesheni alimwita ofisini. Alikuwa mtu mwenye adabu, mdogo kwa Sauti kwa miaka kumi hivi, na alizunguka sana kabla ya kutua.

"Mama, mimi nimeanza kazi hapa nikikusikia wewe. Sikuvunjii heshima."

"Sema tu, mkuu."

"Malalamiko yamekuwa mengi. Naomba upumzike kidogo kule chumba cha vitu vilivyosahauliwa. Karani wa tiketi atashika kipaza sauti kwa sasa."

"Kwa sasa mpaka lini?"

Mkuu wa stesheni akapanga kalamu zake. "Kwa sasa," alirudia.

Sauti akakubali shingo upande. Alirudi kibandani kuchukua sweta na kopo lake la chakula, akamwachia karani kiti. Kilikuwa bado na joto.

Chumba cha vitu vilivyosahauliwa kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha. Kulikuwa na miavuli, mikoba, magongo matatu ya kutembelea ambayo Sauti alijiuliza wenyewe waliondokaje bila hayo, na seti ya meno ya bandia kwenye bahasha, imeandikwa tarehe. Watu walikuja wawili au watatu kwa siku. Muda uliobaki wa siku alikaa na meno yale. Juu ya kichwa chake, kupitia dari, alimsikia karani wa tiketi akitangaza treni kwa sauti nyepesi, safi, na kila tangazo lilikuwa linamchoma kidogo, si kwa wivu. Yule binti alikuwa anaharakisha sana majina ya vituo.

*

Mtu pekee aliyempigia simu bila kazi alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa fundi saa, aliyeishi mbali, mwendo wa treni wa nusu siku. Alipiga kila Jumapili baada ya chakula cha mchana.

"Haloo? Samahani, nimekosea namba, nilikuwa namtafuta wifi yangu. Naona nimempata fundi bomba."

"Ni mimi, wifi."

"Wewe? Na sauti hiyo? Wifi, unanguruma!"

"Mafua."

"Mafua gani ya miezi mitano? Ni hayo majani unayokula. Marehemu mdogo wangu alikuwa na moyo mbovu, sawa, alikuwa na sababu. Wewe moyo wako mzima. Njoo huku nikuchinjie kuku mwenye mafuta, urudi duniani."

Sauti akacheka, na kicheko kikamkwama. Kikawa kikohozi kirefu. Wifi akakisikia, akaacha utani.

"Sikiliza. Kesho unaenda hospitali. Usiponipigia kesho jioni na majibu, napanda treni, nakuja kukubeba mgongoni. Unanijua."

Alimjua. Akaenda.

Hospitali walimtoa damu, wakamwambia arudi baada ya siku tatu. Aliporudi, daktari alitazama karatasi ya majibu, akamtazama yeye, akatazama tena karatasi.

"Mama, dawa ya tezi unameza kweli?"

"Kila siku. Sijaruka hata moja."

"Damu yako inasema kama humezi." Hakuwa na muda, nje foleni ilifika mlangoni. Akaandika kipimo kikubwa zaidi, akamwambia arudi baada ya wiki nane.

Duka la dawa alilolizoea lilikuwa mtaa wa pili kutoka nyumbani. Mfamasia wake alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyesoma kila karatasi kana kwamba ni barua yake binafsi. Aliisoma ya Sauti, asinyooshe mkono kwenye rafu.

"Wamekuongezea. Kwani unaimezaje, mama?"

"Kwa mdomo," Sauti akasema, akiwa amechoka.

Mfamasia akatabasamu. "Na nini?"

"Na kifungua kinywa. Nimeiweka kando ya maziwa ili nisisahau."

"Maziwa ya ng'ombe?"

"Situmii ya ng'ombe. Ya soya."

Mfamasia akaiweka karatasi chini, akavua miwani, ikabaki inaning'inia kifuani.

"Soya unakula mara ngapi kwa siku?"

Sauti akahesabu kwa vidole. Alipofika cha tano alianza kuona aibu, bila kujua kwa nini.

"Basi tumempata mwizi," mfamasia akasema taratibu. "Soya ikikutana na hiki kidonge tumboni, inakizuia kisiingie mwilini vizuri. Unameza kila siku, ndiyo, lakini sehemu kubwa inapita tu. Ngoja nimpigie daktari kabla hatujaongeza kitu. Labda huhitaji kuongezewa. Labda unahitaji kuachanisha tu."

"Kwa hiyo soya ni sumu?"

"Hapana, nani kasema? Soya ni chakula kizuri, hasa kwa wewe usiyekula nyama. Lakini chakula kizuri hakigeuki kuwa chakula chote. Kidonge kimeze alfajiri kwa maji matupu. Soya isikikaribie kwa saa nne hivi. Halafu kula kwa kiasi, na kiasi hicho kisipande na kushuka, maana mwili unapenda kuzoea. Siku zingine kula maharage, dengu, kunde, karanga, ufuta. Mboga za majani usiziache." Akavaa tena miwani, akamtazama. "Lakini haya nilishayasema. Mume wako hakukwambia?"

"Mume wangu?"

"Fundi saa. Si ndiye? Mlipoanza tu hicho kidonge, alikuja hapa kuniuliza kama kinagombana na soya, maana alisikia hivyo kwa mteja wake. Nikamweleza. Akaandika yote nyuma ya karatasi, na saa zake, akanirudishia nimsahihishie. Sijawahi kuona mteja wa namna ile."

Kulikuwa na benchi la wagonjwa karibu na mlango. Sauti akalikalia. Watu waliingia, wakanunua dawa za kikohozi na plasta, wakatoka, na yeye bado alikuwa amekaa.

*

Alirudi nyumbani amekasirika. Hilo halikumtokea tangu msiba. Alisimama katika chumba cha mbele, mbele ya meza yenye saa za watu ambazo hazikufuatwa na wenyewe, akasema kwa sauti yake ile ya mlango mbovu, "Kwa nini hukuniambia?"

Miaka yote ile ya alfajiri. Ule mkono begani, ile glasi, ile chai iliyochelewa, siku ya maharage na siku ya dengu, vyote vilikuwa na hesabu yake, na yeye alivipokea kama mtu anavyopokea hali ya hewa. Angemwambia mara moja tu, angejua kujilinda. Lakini fundi saa alikuwa hivyo hivyo hata kwa wateja. Saa ikirudi inatembea, hakueleza alichokifanya ndani. Aliufunga mfuniko, akamkabidhi mtu saa yake.

Akalia, kisha hasira ikaisha, akabaki anamshukuru mtu asiyekuwepo. Hilo lilikuwa zito zaidi ya hasira, kwa kuwa hasira inaweza kuwa ya mtu mmoja, lakini shukrani inahitaji wa kuipokea.

Kilichomtisha hasa ni jikoni. Mfamasia alikuwa amesema kiasi. Mara tatu au nne kwa wiki zinatosha, alimwambia. Maana yake zitakuwapo siku ambazo sufuria halichemki, nyumba hainuki kitu, na chumba cha mbele ni chumba tu. Siku ya kwanza ya namna hiyo aliloweka dengu na kuziunguza, kwa sababu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mume wake na kusahau. Alizila hivyo hivyo zimeungua, pamoja na wali. Siku ya pili alipika maharage mengi kama ya harusi. Alikula siku nne.

Alfajiri alijiamsha mwenyewe kwa saa ya mezani. Ilipolia mara ya kwanza aliikumbatia kwa mikono miwili kuinyamazisha, akanywa maji, akameza, akalala chali akitazama dari likipauka. Hakurudi usingizini. Alisikia mlango wa jirani, ndoo, redio ya mtu. Saa nne za kusubiri zilikuwa ndefu kuliko alivyodhani. Kiamsha kinywa chake kikawa viazi, au mkate na karanga za kusaga.

Wiki ya sita aliacha sweta nyumbani bila kukusudia. Wiki ya nane damu yake ikasema vizuri, bila dozi kuongezwa, kama daktari alivyokubaliana na mfamasia kwenye simu. Sauti ya koo ilikuwa ya mwisho kurudi, na ilirudi ikiwa chini kidogo kuliko zamani, lakini safi. Aliijaribu kwenye chumba cha vitu vilivyosahauliwa, akiyatangazia meno ya bandia treni ya saa tisa.

Mkuu wa stesheni hakumrudishia kazi yote. Karani wa tiketi alikuwa amezoeleka, na kusema kweli alikuwa amejifunza kutaja vituo bila kuharakisha. Walimpa Sauti zamu ya asubuhi, siku nne za wiki.

Na huzuni? Alikuwa ametegemea, bila kumwambia mtu, kwamba itaondoka pamoja na baridi na uvimbe wa uso. Kwa miezi mingi alikuwa hajui ugonjwa unaishia wapi na huzuni inaanzia wapi. Sasa ugonjwa ulikuwa umeondoka, na huzuni ikabaki imesimama peke yake, wazi, si kubwa kama alivyodhani, lakini yake. Jumapili zilikuwa bado ndefu. Ila sasa alipomkumbuka mume wake alimkumbuka yeye hasa, jinsi alivyokunja mikono ya shati, jinsi alivyopuliza vumbi kwenye vyuma, badala ya ule uzito usio na sura.

Mwezi uliofuata wifi akaja kumwona, kwa siku tatu. Alikuja na mkoba wa nyama iliyokaushwa, "kwa dharura," alisema. Alikula dengu za Sauti akinung'unika mpaka sahani ikawa nyeupe, akaomba tena, akanung'unika. Siku ya soya alisimama mlangoni mwa jikoni mvuke ulipopanda. Akajifuta macho kwa upindo wa nguo, akasingizia moshi.

Aliondoka asubuhi ya zamu ya Sauti. Waliagana chini ya ngazi, maana treni ilikuwa imekaribia na Sauti alitakiwa kupanda kibandani.

"Sasa nitakusikia bure," wifi akasema. "Nyumbani nalipia simu."

Kutoka juu, Sauti alimwona akisukumana na umati, mkoba kichwani. Alivuta kipaza sauti. Akataja treni, akataja jukwaa la pili, akataja vituo vyote kimoja kimoja mpaka cha mwisho, kile anachoshukia wifi, na hapo akakaa kidogo kuliko ilivyo kawaida. Alitamani kuongeza kitu. Kanuni hazikuruhusu, na hata zingeruhusu hakujua angesema nini. Chini kule, kati ya mamia ya watu walioinamia masanduku yao, mwanamke mmoja aliinua mkono juu akaupunga hewani, bila kujua kibanda kiko upande gani.

Treni ikatoka. Jukwaa likabaki na mfagiaji mmoja na karatasi zinazopeperuka. Nyingine ilikuwa bado dakika arobaini. Sauti akazima kipaza sauti, akahakikisha mara mbili kwamba kimezimwa, akafungua kopo lake la kunde na mboga, akaanza kula.